Ukumbi wa Mpira Karibu na Barabara ya Jogoo: Picha ya Wastani, Mjadala wa Daraja la Kwanza

Nairobi haina uhaba wa mahali pa kutazamia mpira. Kuanzia vibanda vya mabati vya Kawangware hadi mikahawa ya Westlands, ambako bei ya soda moja ingetosha kuwalipia watu watatu kiingilio kwingineko, mpenzi wa kandanda hakosi skrini siku ya Jumamosi. Anachokosa mara nyingi ni watu wa kujadiliana nao kwa hoja baada ya kipenga cha mwisho, kwa maana katika kumbi nyingi mechi ikiisha taa huwashwa, watu huharakishwa kutoka, na ubishi humalizikia barabarani kwa matusi. Ukumbi ninaoutathmini hapa uko upande wa Shauri Moyo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanja wa City, ambao siku hizi unaitwa kwa jina la Joe Kadenge, mchezaji nyota wa zamani wa Kenya. Una kasoro kadhaa katika karibu kila huduma nyingine, lakini kwa mjadala sijaona wa kuushinda. Jina lake silitaji kwa sababu baadhi ya niliyo nayo ya kusema hayaupambi, na wakazi wa mtaa huo watautambua bila kuambiwa.

Kiingilio ni shilingi 50 kwa mechi ya kawaida na 100 kwa usiku wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya au vigogo wa Uingereza wanapokutana. Hulipwa kwa M-Pesa mlangoni, kwa kijana ambaye hukupiga muhuri wa wino wa zambarau mkononi ili uweze kutoka na kurudi. Ndani mna mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, yaliyopandishwa kwa ngazi ili aliye nyuma asizibwe na aliye mbele, jambo ambalo mafundi wa kumbi nyingi za bei hii hawalifikirii. Skrini kubwa ni kitambaa cheupe kinachopokea picha ya projekta, na katika mechi za saa kumi na moja jioni jua la magharibi hupenya kila mlango unapofunguliwa, likafifisha rangi hadi ikawa vigumu kujua jezi ipi ni ya nyumbani na ipi ni ya ugenini. Giza likishaingia picha huwa nzuri ya kutosha.

Kasoro inayoudhi zaidi ni ucheleweshaji. Ukumbi huu hupata baadhi ya mechi kupitia intaneti, ilhali kinyozi wa jirani anatumia dishi, na ukuta kati yao ni wa mabati. Matokeo yake ni kwamba kelele za bao hutufikia kutoka kwa kinyozi huku sisi tukiona kiungo bado anatafuta wa kumpasia. Mkwaju wa penalti ndio huharibika kabisa, kwa sababu mpigaji anapoanza kukimbia kila mtu ameshajua kama mpira utaingia. Nilipomweleza mwenye ukumbi, alinijibu kwa utulivu kwamba amemwomba kinyozi awatulize wateja wake. Hilo ni jibu la ujirani mwema, lakini aliyelipa shilingi 100 anastahili dishi.

Kuhusu chakula sina mengi. Viazi karai ni vya moto na ukwaju wake ni mzito, chai ya tangawizi haijachujwa vizuri, na mishkaki, ambayo nyama yake hutoka soko la Burma lililo karibu, ndiyo ya kuagizwa mapema kabla ya mapumziko kwa kuwa huisha. Pombe hairuhusiwi kabisa, na ninaamini mjadala wa ukumbi huu haungewezekana kama ingeruhusiwa.

Sasa nije kwenye kile ambacho watu hukifuata. Mechi ya mwisho ya siku ikiisha, sauti ya runinga huzimwa, na mzee mmoja aliyewahi kuwa refa wa ligi za mitaani huketi kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa mbele ya skrini. Wote humwita Mwenyekiti. Mkononi huwa na kitabu cha sheria za mchezo, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni kama cheti cha ardhi, na kurasa za Sheria ya 12, inayohusu makosa na utovu wa nidhamu, zimechakaa kuliko nyingine zote. Taratibu zake ni chache. Anayesema refa alikosea lazima aitaje sheria iliyovunjwa. Anayelitukana kabila la mtu hutolewa nje na kiingilio chake hakirudishwi. Na aliyeweka mkeka, yaani aliyebashiri kwa pesa, kwenye mechi inayojadiliwa anaruhusiwa kusema lakini hapigi kura, kwa maelezo kwamba mtu ambaye mkeka wake umechanika hawezi kuwa shahidi wa penalti. Sheria hii ya tatu ingefaa kupelekwa katika studio za redio zetu.

Nitaeleza mijadala miwili kwa kirefu, kwa kuwa msomaji anayetaka kujua kama shilingi zake zitakuwa halali anahitaji kuonja kilichomo.

Wa kwanza ulihusu klabu kuhama ligi. Kijana aliyevaa jezi ya kijani ya Gor Mahia alisimama akatoa pendekezo kwamba klabu yake na AFC Leopards ziiache ligi ya Kenya na kuomba kucheza Tanzania, pamoja na Simba na Yanga. Hoja yake ilikuwa ya pesa, na haikuwa hoja ya kipuuzi. Alikumbusha kwamba mwaka 2017 kampuni ya matangazo ya SuperSport iliondoka katika ligi yetu baada ya mzozo wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, wakati Tanzania mwaka 2021 ilitia saini mkataba wa miaka 10 na Azam Media wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225 za huko. Wachezaji wetu wanavuka mpaka wa Namanga mmoja mmoja, alisema, basi kwa nini klabu nzima isivuke?

Mwenyekiti hakumkatiza. Alipomaliza alimuuliza, "Kijana wangu, ruhusa utaiomba kwa nani?" Kisha akaeleza kwamba klabu haiwezi kubeba virago na kuingia ligi ya nchi nyingine kwa kuwa tu imealikwa, inahitaji idhini ya chama cha nchi inayotoka, chama cha nchi inayokwenda, shirikisho la bara na FIFA yenyewe, na idhini hiyo hutolewa kwa hali za pekee. Mtu mmoja akadakia na Swansea, ambayo ni ya Wales na ilipanda Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2011. Mwenyekiti akajibu kwamba Swansea haikuhama popote: ilikuwa katika ligi za Uingereza miaka mingi kabla ya Wales kuanzisha ligi yake ya taifa mwaka 1992, sawa na Cardiff na Wrexham. Monaco inacheza Ufaransa na Vaduz ya Liechtenstein inacheza Uswisi kwa sababu nchi hizo ndogo hazina ligi za kitaifa za kuzitosha.

Mfano uliowashika wasikilizaji zaidi ulikuwa wa Derry City ya Ireland Kaskazini. Klabu hiyo ilijiondoa katika ligi yake mwaka 1972, wakati wa machafuko, baada ya kuzuiwa kuendelea kucheza katika uwanja wake wa nyumbani kwa sababu za kiusalama. Ilikaa miaka 13 bila ligi ya daraja la juu, hadi ilipokubaliwa mwaka 1985 kujiunga na ligi ya Jamhuri ya Ireland, na miaka michache baadaye, katika msimu wa 1988/89, ikatwaa mataji yote matatu ya nchi hiyo. Hoja ya Mwenyekiti ilikuwa wazi: waliohama walihama kwa historia, kwa udogo wa nchi au kwa hatari, na wale waliojaribu kuhama kwa ajili ya pesa tuliwaona Aprili 2021. Hapo hakuhitaji kueleza zaidi. Klabu 12 za Uingereza, Uhispania na Italia zilitangaza Ligi Kuu yao ya Ulaya tarehe 18 mwezi huo, na kufikia usiku wa tarehe 20 zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa au zimeanza taratibu za kujitoa, huku mashabiki wa Chelsea wakiwa wamelizuia basi la timu yao nje ya Stamford Bridge.

Shabiki wa Chelsea aliyeketi safu ya nyuma alishangilia kana kwamba ni yeye aliyelizuia basi. Mama mmoja mfanyabiashara wa soko la Gikomba, mmoja wa wanawake wachache wanaofika hapa mara kwa mara, akamgeukia: "Ndugu yangu, ulifurahi Chelsea ilipozuiwa kuwakimbia wadogo wake, na leo unampigia makofi huyu anayetaka Gor iwakimbie Posta Rangers na Ulinzi. Uko upande gani?" Sijasikia swali bora zaidi ya hilo kuhusu jambo hili, na nimesikiliza vipindi vya michezo vya nchi hii tangu vilipokuwa vya masafa mafupi.

Nina neno langu hapa, kwa maana nilidhani Mwenyekiti aliufunga mjadala mapema. Kuna tofauti kati ya klabu kuhamia ligi ya jirani na majirani kuanzisha mashindano yao ya pamoja huku ligi za nyumbani zikiendelea. Afrika ilifanya jaribio la namna hiyo Oktoba 2023, klabu nane zilipocheza African Football League chini ya CAF yenyewe, shirikisho la soka la Afrika, na mechi ya ufunguzi ikapigwa Dar es Salaam, Simba ikitoka sare ya mabao 2-2 na Al Ahly. Afrika Mashariki inayo pia mashindano ya klabu ya CECAFA, baraza la soka la kanda hii, ambayo sasa yanaitwa Kombe la Kagame. Wazee waliokuwa mle ukumbini walikumbusha kwa fahari kwamba kuanzia mwaka 1979 hadi 1985 kombe hilo halikutoka mikononi mwa Leopards na Gor Mahia. Kombe lililofufuliwa, likapewa kalenda ya kudumu na mkataba wa matangazo, lingempa kijana wa jezi ya kijani sehemu kubwa ya anachokitafuta bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote Zurich, makao makuu ya FIFA. Nilitaka kulisema hilo lakini zamu yangu ilikuwa imepita, na Mwenyekiti harudishi zamu.

Alichokubali kurudia ni historia yetu wenyewe. Mwaka 2004 FIFA iliifungia Kenya katikati ya mivutano ya viongozi, ikaifungia tena mwaka 2006, na ikaifungia mara nyingine Februari 2022 baada ya serikali kuuvunja uongozi wa shirikisho mwaka uliotangulia. Kufuli hiyo iliondolewa Novemba 2022. Mwaka 2015 nchi hii ilishuhudia pande mbili zikishindana kuendesha ligi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, alisema, Mkenya anapozungumzia kuhama ligi, aanze kwa kuuliza kama ana ligi ya kuhama.

Mjadala wa pili, juu ya utovu wa nidhamu uwanjani, ulianzia kwa beki aliyezuia bao kwa mkono katika mechi ya jioni hiyo na kama ilivyotarajiwa ukaishia Johannesburg, kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 2 Julai 2010. Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah wa Ghana ukiwa kwenye mstari wa goli, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, matokeo yakiwa 1-1. Alipewa kadi nyekundu, Asamoah Gyan akaugongesha mwamba mkwaju wa penalti, na Ghana ikatolewa kwa matuta. Afrika ilisubiri hadi mwaka 2022 kuiona Morocco ikiwa nchi ya kwanza ya bara hili kufika nusu fainali.

Watu wa Nairobi hawajamsamehe Suárez, na ukumbi mzima ulilipuka jina lake lilipotajwa. Mmoja alimwita mwizi. Fundi wa pikipiki aliyekuwa karibu yangu, mikono yake bado ina grisi, akajibu kwamba mwizi aliyekamatwa, akahukumiwa na kufungwa papo hapo hana deni tena, na kwamba lawama zingine ziende kwa mwamba. Mwenyekiti alifungua kitabu chake. Refa, alisema, alitoa kila kitu ambacho sheria ilimruhusu kutoa: penalti na kadi nyekundu. Kisha akaeleza badiliko la mwaka 2016 ambalo mashabiki wengi hulichanganya. Tangu wakati huo, mchezaji anayemnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga ndani ya eneo la hatari hupewa kadi ya njano iwapo penalti imetolewa na kosa lake lilitokana na kujaribu kuucheza mpira. Lakini anayevuta jezi au anayesukuma bado hupewa nyekundu, na anayezuia bao kwa mkono kwa makusudi hakupata nafuu yoyote. Suárez angetolewa hata leo.

Yule mama wa Gikomba hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini kandanda haifanyi kama raga, ambayo refa anaweza kutoa trai (bao la raga) ya adhabu pale anapoona kwamba bila faulo trai ingepatikana. Adhabu, alisema, inapaswa kumrudishia aliyeibiwa kile kilichoibwa, wala si kumpa tikiti ya bahati nasibu. Fundi wa pikipiki alimuuliza kama atampa refa wetu wa Jumapili mamlaka ya kutoa bao ambalo halikuingia, na kicheko kilichofuata kilikuwa na uchungu ndani yake. Kura ilipopigwa mama alishinda, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono, ingawa najua vyema kwamba waamuzi wetu wangepata taabu kutoka uwanjani wakiwa salama baada ya bao la namna hiyo.

Makosa mengine yalipitiwa kwa haraka. Kichwa ambacho Zidane alimpiga Materazzi katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin mwaka 2006 kilipata watetezi wachache waliosema alichokozwa, wakajibiwa kwamba sheria haina kifungu cha uchokozi kinachofuta kosa la kupiga. Teke ambalo Cantona wa Manchester United alimpiga shabiki wa Crystal Palace Januari 1995, ambalo lilimweka nje kwa miezi minane, lilipelekea swali la maana zaidi: na mashabiki wenyewe je?

Ni hapo ukumbi ulipoanza kujizungumzia. Katika mechi ya Mashemeji, yaani ya Gor Mahia na AFC Leopards, ya mwaka 2012 uwanjani Nyayo, kadi nyekundu kwa mchezaji wa Gor Mahia ilizusha ghasia zilizousimamisha mchezo, viti vikang'olewa na kurushwa. Wanaume wawili, mmoja wa kila upande, walikiri mbele ya wote kwamba walikuwepo, na wakabishana kwa kina juu ya nani alianza, mageti yalikuwaje na polisi walifika lini. Mwingine akakumbusha mwaka 2010, watu saba walipofariki katika mkanyagano nje ya uwanja huohuo kabla ya mechi ya klabu hizo hizo. Mwenyekiti aliwaacha wazungumze kuliko alivyowaacha wote usiku huo, na sijaona studio yoyote ya runinga ikilipa jambo hilo muda wa namna ile.

Pamoja na sifa hizo, Mwenyekiti ana udhaifu wa kupenda Ulaya. Mechi za ligi yetu huonyeshwa hapa kwa nadra, na sijawahi kuikuta mechi ya wanawake kwenye ubao wa chokaa ulio mlangoni, ingawa Junior Starlets walikwenda Jamhuri ya Dominika mwaka 2024 kucheza Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17, wakiwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika hatua hiyo. Mwenye ukumbi anasema ligi ya hapa haijazi mabenchi. Nadhani angejaribu kuionyesha Jumapili mchana kwa shilingi 20 na kuufungua mjadala baadaye, kwa kuwa wengi wangelipa hata kwa ajili ya kumsikiliza yule fundi wa pikipiki akimchambua refa anayemfahamu kwa jina.

Wanawake wanaotaka kwenda wajue kwamba choo ni kimoja na kufuli yake hushikiliwa na kijana wa mlangoni. Jambo la mwisho ni saa. Mechi za Ligi ya Mabingwa huanza saa tano usiku wakati wa majira ya baridi ya Ulaya, hivyo mjadala hukaribia saa nane, na wakati huo matatu za Barabara ya Jogoo ni chache na nauli yake hupanda. Anayekaa mbali achague Jumamosi, aingie kwa mechi ya saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kulingana na majira, akae safu ya tatu upande wa kulia ambako jua halifiki, na aagize mishkaki kabla mpira haujaanza.